Kwa Watu wa Huku, Niko Kwako Muheza

Crescent Town, Toronto
Jumatano mchana

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo.

Kabla sijakuuliza habari za magoti yako na za mbuzi, naomba ukae kwenye kiti chako cha ukumbini, kwa sababu nina neno ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote kwa mdomo wangu. Bibi, ninaumwa saratani. Madaktari wanajua, kwa kuwa wao ndio walioniambia. Mama anajua, kwa kuwa alikuwa amekaa karibu yangu waliponiambia. Lakini mimi mwenyewe sijawahi kulitamka. Hata hapa nililiandika kwa penseli kwanza, nikalifuta, kisha nikaliandika kwa kalamu ili nisiweze kulifuta tena.

Sasa vuta pumzi, halafu usome hili la pili. Daktari anasema ugonjwa wangu ni wa tezi, na kwamba wengi wa rika langu wanaotibiwa mapema hupona. Amelisema zaidi ya mara moja, na yeye si mtu wa kubembeleza. Kwa hiyo usianze kulia. Kama ni lazima, lia kidogo, kisha uendelee kusoma, maana kuna jambo jingine, la ajabu zaidi, nalo linakuhusu wewe.

Kwa watu wa huku, mimi niko kwako. Tangu baridi ilipoanza naishi Muheza, nalala chumba cha uani, nakuchotea maji, na Jumapili tunaongozana kanisani. Ndivyo mama alivyowaambia. Nawe hapo ulipo umeambiwa kwamba niko Toronto, mzima, nimebanwa na masomo hata siwezi kuja kwenye simu. Kwa hiyo walio huku wanajua niko huko, na mlio huko mnajua niko huku, na ukweli ni kwamba nimo ndani ya chumba kimoja, ghorofa ya kumi na nne, mlango umefungwa.

Sasa naweza kukuuliza. Magoti yanaendeleaje? Mvua zimenyesha? Yule mbuzi wa pembe moja bado anatafuna kanga kwenye kamba? Naomba unijibu yote hayo, hata kama utaona ni upuuzi kuyajibu baada ya habari niliyokupa. Na tafadhali barua hii usiisahihishe kwa wino mwekundu kama zile nyingine. Nimejitahidi.

Nianze mwanzo. Unamkumbuka Mama Neema, yule wa Korogwe ambaye mama humtaja kila mara? Binti yake, Neema, tunasoma darasa moja, na Mama Neema mwenyewe ndiye aliyekuwa akinisuka tangu tulipofika nchi hii. Jumamosi moja nilikuwa nimekaa katikati ya magoti yake, ananivuta nywele mpaka macho yananitoka, mara vidole vyake vikasimama shingoni. Akasema, "Anjela, hapa una nini?" Nikasema sijui. Akabonyeza tena, taratibu. "Mwambie mama yako leo. Usilale nalo." Nilimwambia. Baada ya hapo kukawa na sindano, na mashine kubwa ambazo mtu analazwa ndani yake kama mkate, na mwishowe kile chumba kidogo chenye sanduku la karatasi laini za kufutia machozi. Mama Neema alipouliza, mama alimjibu kwamba lilikuwa jino tu, limeng'olewa.

Hospitali wameniwekea kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, na humo ndimo dripu zinamopitia. Dawa moja ni nyekundu kama sharubati. Inaingia polepole, nami naitazama ikishuka kwenye mrija, nikijua kwamba jioni kila kitakachogusa ulimi wangu kitakuwa na ladha ya ufunguo. Hata ugali. Hata maji. Midomo inatoka vidonda, mifupa inauma kama niliyebeba mizigo, na nywele zimekwisha. Zilianza kubaki kwenye mto. Mama akaninyoa zilizosalia, kisha akaingia bafuni, akafungulia maji kwa nguvu, akakaa humo muda mrefu, na alipotoka hakuwa ameoga.

Wagonjwa wenzangu huletewa maputo na ndugu zao hujaa kwenye viti. Nesi wetu, mama mmoja wa Kifilipino mwenye sauti kubwa, aliniuliza, "Malkia, wewe mbona huji na watu?" Nikamwambia watu wangu wako mbali. Hakujua kwamba wengine wako vituo vitatu tu vya treni.

Mama hakudanganya kwa ubaya, bibi, na sitaki umfikirie hivyo. Dawa hizi zinaua pia zile chembe za damu zinazopigana na maradhi, kwa hiyo mafua ya mtu mwingine yanaweza kunilaza hospitali. Daktari alisema nisiende shule na nisipokee wageni. Yeye aliona ni jambo dogo. Lakini wewe unawajua watu wetu. Wakisikia mtoto anaumwa watakuja na masufuria, watakuja na watoto wao wanaokohoa, na kumwambia mgeni aliyepanda lifti na chakula chake mkononi kwamba asiingie, hilo mama hawezi. Angeona amemtukana. Basi akatafuta sababu ambayo haimfukuzi mtu. Akasema nimesafiri.

Na kuna sababu nyingine, ambayo hakuniambia ila naijua. Ni mama mdogo Stella. Nilikuwa mdogo alipoumwa, lakini nilikuwapo. Nakumbuka baraza ikijaa watu kila siku, wanawake wakijifunika kanga usoni, nami nikipitisha chai. Nakumbuka siku mama mdogo alipomuuliza mama kutoka kitandani, "Wanamlilia nani huko nje?" Mama akafunga dirisha. Nadhani tangu siku hiyo aliapa kwamba mtoto wake hatasikia sauti hizo. Na kuhusu wewe, alisema hivi: "Bibi yako ameshamzika mmoja kwa neno hilo. Sitampelekea tena." Ndiyo maana hukuambiwa.

Kwa hiyo nimefungiwa. Sisemi kwa mfano. Mlango wa chumba changu una kitasa, na wageni wakija mama huzungusha ufunguo kwa nje, kwa sababu Mama Kevin, yule Mkenya wa Nakuru, hufungua kila mlango akitafuta choo. Tukienda hospitali tunashukia ngazi za nyuma, nimevaa kofia ya koti mpaka kwenye nyusi na barakoa usoni. Dirishani naona madaraja yanayounganisha majengo yetu, na watoto wa shule wakipita na mabegi. Nimesoma vitabu vyote vya humu ndani, hata kile cha mama cha kutunza wazee kitandani.

Kitu kimoja ndicho kilichokuwa kinanifurahisha, nacho ndicho kimetuharibia. Neema aliniandikia kwenye kompyuta, akiuliza Muheza kukoje. Ilinibidi nimjibu. Nikamwandikia kuhusu sakafu yako nyekundu unayoisugua kwa kumbi la nazi, na moshi wa jiko la uani unavyokaa kwenye nguo, na wewe unavyowapigia kuku kelele kama wanafunzi wa darasa la pili. Nikaandika ninayoyakumbuka, na nisiyoyakumbuka nikayatunga. Kila nilipoandika, kwa muda kidogo nilikuwa nje ya chumba hiki. Nilikuwa kwako kweli.

Wiki chache zilizopita akina mama wa kanisa walikuja bila kupiga simu, siku ya pili baada ya dripu. Mama alinisukuma chumbani na ndoo na chupa ya maji, nikasikia ufunguo.

"Ai, Mama Anjela, hii nyumba imenyamaza aje!" Huyo alikuwa Mama Kevin. "Huyu msichana ametutoroka kabisa."

"Mwacheni ale machungwa," akasema Mama Neema. "Akirudi huyo, mlangoni hapiti."

Wakacheka. Mama naye akacheka, kicheko kifupi kama mtu aliyekanyagwa mguu.

"Na shule? Si atabaki nyuma?"

"Bibi yake ni mwalimu," mama akasema. "Anamfundisha."

"Sikilizeni," Mama Neema akasema, nikasikia karatasi ikikunjuliwa. "Amemwandikia Neema. Jamani, mtoto huyu anajua kuandika." Akawasomea, bibi. Akasoma kuku, akasoma sakafu, akasoma yule mbuzi. Walishangilia mpaka mmoja akapiga kigelegele. Kisha wakasimama kuniombea. Mama Neema alimwomba Mungu anikinge na malaria, na nyoka, na wanaume wa stendi. Nikauma mto nisicheke, na kicheko kikageuka kichefuchefu, nikapiga magoti juu ya ndoo nikitapika bila kutoa sauti. Jambo hilo linawezekana, ila machozi yanatoka.

"Nini hiyo?" Mama Kevin akauliza.

"Majirani," mama akasema.

Walipokuwa wakivaa makoti ndipo Mama Neema akatoa habari yake. Mdogo wake anaolewa Korogwe, naye anakwenda. "Na kutoka Korogwe mpaka Muheza si pua na mdomo? Nitafika kwa bibi, nimsuke Anjela, nimpige picha nimletee Neema."

Mlango ulipofungwa mama hakuja kunifungulia mara moja. Aliendelea kusimama pale ukumbini. Tangu siku hiyo anatunga. Anasema atakupigia simu akuombe umwambie mgeni kwamba nimehamia shule ya bweni Lushoto. Nilimsikia jikoni akijifunza namna ya kulisema. Unakumbuka simu yake ya juzijuzi, ulipomuuliza mbona sauti yake iko vile akasema ni mafua? Ndiyo siku aliyojaribu kukuomba. Alikuuliza magoti, akakuuliza maharage, akakuuliza mbuzi, mpaka kadi ya simu ikaisha. Akabaki ameshika simu.

Naandika haya na sijui yatakufikiaje. Barua zote hupelekwa posta na mama. Nitaificha chini ya godoro mpaka nipate njia.

*

Jumapili

Bibi, naendelea. Njia imepatikana.

Jana Mama Neema alikuja peke yake kuaga na kuchukua mzigo wako. Mama alinifungia kama kawaida. Nilikaa sakafuni, sikio kwenye mlango.

"Mzigo uko wapi, shosti? Usiniambie hujafunga kitu. Nitafikaje kwa mama yako mikono mitupu?"

"Upo. Sweta lake, na dawa ya kuchua magoti."

"Na mimi nimemchukulia Anjela rasta, zile nyembamba anazozipenda. Na mafuta ya kichwa. Huko vumbi litakuwa limemmaliza nywele."

Nilijishika kichwa.

"Mama Neema," mama akasema, "Anjela hayuko Muheza tena. Amehamia bweni. Lushoto."

"Lushoto! Basi ndiyo vizuri zaidi. Kaka yangu ana lori, kila wiki yuko huko kubeba kabichi. Shule gani?"

"Ya... ya masista."

"Masista? Si nyie ni Waanglikana?"

"Waanglikana nao wana masista."

"Haya. Nitawaona hao masista."

"Hawaruhusu wageni."

"Mgeni nani? Mimi? Kichwa cha yule mtoto nimekishika miaka yote hii, leo mimi ni mgeni?"

Nikasikia mama akikoroga chai, akikoroga tu, haachi. Mama Neema naye alisikia, maana alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka chini kabisa.

"Mama Anjela. Niambie kitu kimoja tu. Mtoto yuko hai?"

Nilimngoja mama aseme ndiyo, bibi. Ni neno fupi. Nilingoja, na hakuweza, kwa sababu kila neno alilobaki nalo lilikuwa na swali nyuma yake. Hapo nilielewa kwamba yeye yuko ndani kuliko mimi. Mimi nilikuwa na kitabu na dirisha. Yeye alikuwa amefungiwa ndani pamoja na watu.

Nikavaa barakoa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, kwa hiyo nilifanya kitu pekee kilichowezekana. Nikagonga kutoka ndani, nikasema, "Hodi."

Mama Neema, kwa mazoea tu, akaitika, "Karibu."

Nikasikia miguu ya mama, na ufunguo ukizunguka. Nilisimama pale mlangoni, sikusogea, na kichwa changu kilikuwa wazi kwa sababu nilisahau kofia.

"Shikamoo, Mama Neema," nikasema. "Ninaumwa saratani. Usinikaribie kama una mafua."

"Marahaba," akasema. "Sina mafua." Mfuko wa rasta ulikuwa mapajani mwake. Sikuona machozi. Akamgeukia mama. "Sabuni ya kunawia iko wapi?"

Alinawa mpaka viwiko, kama wanavyofanya hospitali, akaomba naye barakoa. Kisha akakaa kwenye kochi, akapanua magoti, akanionyesha sakafu kwa kidole kama siku zote. Nikakaa. Akanipaka yale mafuta kichwani, taratibu, na vidole vyake vilipofika shingoni vikasimama mahali palepale.

"Ilikuwa hapa," akasema. "Nilijua si jino."

Mama alikuwa analia kwenye kiti cha jikoni. "Nilijua mtakuja," akasema. "Mngejaa humu."

"Tungekuja, ndiyo. Ungetuambia mtoto hatakiwi kuonwa, tungeweka chakula mlangoni, tukapiga kengele, tukaondoka."

"Mngemlilia."

"Ningelilia kwangu," Mama Neema akasema. "Nina bafu kama lako."

Mama akacheka huku analia. Sijamsikia akicheka hivyo tangu baridi ilipoanza.

Sasa usidhani mambo yamekwisha. Jumanne narudi kwenye dripu, ile nyekundu. Bado siruhusiwi kwenda shule, bado wageni hawaingii, na dirishani bado ni yaleyale madaraja. Usiku ninaogopa, na sijui hofu hii nimpe nani. Nakuomba usije ukasema nina moyo mkuu, kwa sababu sina. Nakuomba kitu kingine. Habari hii ikifika, watu watakuja barazani kwako. Wape chai, lakini usiwaruhusu wanililie. Waambie mwenyewe yuko hai, anasoma, amekukataza. Ukitaka kulia, mlilie mama mdogo Stella, maana naye alistahili kuliliwa alipokuwa hasikii. Na unipigie simu. Nipigie mimi, si mama tu. Niulize naumwa wapi, nitakuambia.

Mama anajua nakuandikia. Hakuomba kuisoma. Amesema tu nikuandikie kwamba alitaka kukuambia siku ile ya simu, na kwamba umsamehe.

Nisalimie mjomba Yakobo anayekukamulia ng'ombe, na mkewe anayekutilia maji ya kuoga. Nisalimie shangazi wa duka la vitambaa, na watoto wake ambao sura zao nimezisahau. Mpe pole jirani yako muuza mkaa kwa kuku wake aliyegongwa na pikipiki, kama kweli aligongwa. Hilo nadhani ni katika yale niliyomtungia Neema, sina uhakika tena.

Ni mimi mjukuu wako, niliye Toronto kweli,
Anjela

Nilipomaliza kuandika jina langu nilikwenda jikoni, nikamwomba mama ufunguo wa chumba changu. Akautoa kwenye mfuko wa aproni, akanipa. Nimeufunga kwa karatasi na kuutia ndani ya bahasha hii, nawe utauona. Sasa navaa barakoa, nashuka kwa lifti ya mbele, nimpe Mama Neema anayengoja chini barua hii mkononi, kisha nirudi juu kulala.